Nyundo ya Denise Staniforth

Denise Staniforth alizaliwa Attercliffe, mashariki ya Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza, ambako watoto hulala fofofo nyundo za mvuke zikitikisa vikombe kabatini, na kushtuka zinaponyamaza. Mwaka 1978, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alishinda kiwandani akisugua vijiko. Alijinyima mpaka akanunua kinasa sauti cha mtumba, akarekodi nyundo ya karakana ya baba yake, kisha akakata utepe kwa wembe na kuuunga ncha kwa ncha ili pigo lijirudie bila kikomo, liwe mdundo wa muziki wake.

"Magitaa waachieni wenye mashamba," alisema. "Sisi tuna chuma."

Yeye na rafiki yake Nigel, aliyejiundia kinanda cha umeme, walifanyia mazoezi katika chumba cha juu cha klabu ya wafanyakazi. Wanachama wakalalamika. Bwana Clifford Bagshaw, katibu wa burudani, akakata shauri: wapige Jumapili mchana, kabla ya bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba. Wakizomewa, chumba wanakikosa.

Jumapili nyundo ikalia. Haikupita dakika mbili, wahunzi wa meza ya mbele wakacharuka.

"Zima hiyo!"

"Mnaita kelele?" Denise alifoka. "Mbona mmeishi nayo miaka arobaini?"

"Si kelele, binti, ni uongo!" Alikuwa baba yake, Walter, bia mkononi. "Chuma hakigeuzwi? Piga nne, geuza, piga nne! Hiyo yako ingekuwa imeshamkata mtu vidole."

Ukumbi ukaangua kicheko. Denise akautazama utepe. Kile kimya cha kugeuza chuma alikikata mwenyewe, akidhani ni utepe unaopotea bure.

Akasimamisha mashine, akachomoa wembe, akaanza kupachika kipande cha utepe mtupu, kirefu kama kiganja.

"Unashona soksi, mama?" mzee mmoja akamdhihaki.

"Soksi zako, babu. Utazihitaji kuchezea dansi."

Nyundo ikarudi: nne, kimya, nne. Ndani ya kile kimya kinanda cha Nigel kikanguruma. Walter akaanza kugonga meza, meza nzima ikamfuata, na mke wa Bagshaw akainuka kucheza, mkoba begani.

Bagshaw akapanda jukwaani na mipira ya bingo. "Haya, muda umekwisha!"

"Keti, Clifford!" wakamfokea. "Bingo haina miguu, haikimbii!"

Hakuna aliyewahi kuichelewesha bingo pale. Bagshaw akamgeukia Denise.

"Chumba kipo. Ila mtafunga madirisha."

"Chumba tunakichukua, Bwana Bagshaw," alisema Denise, akiongeza sauti ya nyundo. "Madirisha hatufungi."