Sifuri Niliyompa Atupele

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa Ijumaa, na mpaka leo nikiikumbuka kichwa kinanizunguka. Nilikuwa kijana, mwalimu mpya, nimetoka kwetu Manyoni kwenye vumbi nikapangiwa shule moja upande wa Isongole, mahali ambapo viazi vinaota hata nyuma ya choo na ukungu unaingia darasani bila hodi. Nilikuwa na miezi minne tu pale. Nguo zangu zilikuwa hazijawahi kukauka vizuri, lakini tayari nilijiona najua kila kitu. Usinicheke. Hata wewe siku zako zinakuja.

Darasa la tano niliwafundisha namna ya kujiokoa porini. Hakuna aliyeniagiza, niliipenda tu kazi hiyo. Nilichora ukutani nchi ya kubuni nikaiita Kungamo, yenye jangwa, kinamasi, nyika na msitu mnene, na kila Ijumaa tulisafiri humo kwa maneno. Leo umeishiwa maji jangwani, utafanyaje? Leo umezama mpaka magotini kwenye tope, utashika nini? Watoto walikuwa wakigombania kujibu. Mwalimu mkuu alipita dirishani akatikisa kichwa, nami nikadhani ananisifu.

Basi nikatoa jaribio. Swali moja lilisema: umepotea katika msitu wa Kungamo, utafanya nini? Jibu nililolitaka lilikuwa kufuata maji yanakoteremkia mpaka ukute watu. Ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu. Kwetu ukifuata korongo, hata likiwa kavu, hukosi mahali ambapo watu wamechimba kisima mchangani, na penye kisima pana mama na ndoo yake. Atupele, msichana wa miaka kumi na moja, mpole, akaandika hivi: "Nitakaa hapo hapo. Nitagonga muanzi mara tatu, nitanyamaza, nitagonga tena mpaka waje." Nikampiga alama nyekundu ya kosa na sifuri ubavuni. Halafu, Mungu anisamehe, nikalisoma jibu lake mbele ya wenzake na kuwaambia kwamba anayekaa porini anasubiri fisi. Darasa zima likacheka. Atupele aliinamisha kichwa akaandika jibu langu chini ya lake, kwa mwandiko mzuri.

Wiki iliyofuata nikaona maneno hayatoshi. Nikawapandisha watoto mpaka pale mashamba ya viazi yanapoishia na msitu wa mlima Rungwe kuanza, nikawaambia leo hapa ndipo Kungamo. Wawili wawili, waniletee majani makavu, kuni za kuwashia moto, na kitu kinacholika. Jua lilikuwa linawaka. Sikumwuliza mtu yeyote habari za jua la mahali pale.

Ukungu ulishuka kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu. Nilipuliza filimbi, wakaja mbio, wanacheka, wamelowa. Nikawahesabu. Nikawahesabu tena. Atupele hakuwepo. Mwenzake akasema alimwacha kwenye mianzi, mwingine akasema amemwona upande wa pili. Nilisimama nikasikia maji yanalia kushoto, maji yanalia kulia, maji yanalia hata nyuma yangu. Kwetu korongo ni moja. Pale sikujua lipi ni lipi, na hata nilikotoka sasa nilikuwa sina hakika nako. Nilichanganyikiwa, mwanangu, nakuambia kweli.

Bibi yake Atupele alikuwa akichimba viazi chini kidogo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wake mwenyewe, lakini alipanda kwa kufuata filimbi yangu bila kujikwaa. Wahenga walisema mpofuka ukongweni hapotewi na njia. Nilimwamkia, nikaanza kujieleza, nikachanganya maneno. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Akatulia akisikiliza, kichwa kakiinamisha upande, kwa muda niliouona mrefu kuliko muhula mzima. Nilishindwa kuelewa kwa nini hakimbii, kwa nini haiti. Nusura nimwone hana uchungu na mjukuu wake.

Baadaye ndipo nilipojua. Wakata mianzi wa pale, mmoja akipotea kwenye ukungu, husimama alipo na kugonga muanzi kwa jiwe au panga, mara tatu, na kunyamaza. Sauti ya muanzi inapenya ukungu kuliko sauti ya mtu. Atupele alifundishwa hivyo na bibi huyu tangu hajaanza shule. Bibi alikuwa akisubiri ile mara tatu, na haikuja.

Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umemfundisha nini mtoto?"

Nikamwambia. Akavuta pumzi. "Kama hagongi, basi amekutii wewe."

Akaniambia niwaache watoto wengine wakae pamoja wameshikana mikono, akanishika mkono wa shati kama mimi ndiye niliyepotea, tukaingia. Aliijua mifereji yote. Alichagua ule unaopita kwenye mianzi, tukaufuata kwa kuteleza na kushika mizizi. Maji yalikuwa yakizidi kelele, na moyo wangu nao. Tukamkuta. Amekaa juu ya jiwe lililolowa, kiatu kimoja hakipo, na hatua mbili mbele yake maji yanaanguka kwenye bonde ambalo hata mwisho wake sikuuona. Aliponiona alisimama, kwa adabu, pale pale ukingoni.

"Mwalimu," akasema, "maji yamerukia chini. Sikujua kama bado niyafuate."

Bibi ndiye aliyenyoosha mkono akamvuta. Mimi nililia, na sikuona haya kulia mbele yao.

Tulipotoka nilimwomba bibi msamaha. Nilitegemea matusi, nayo yangenipunguzia mzigo. Alipangusa tope mguuni mwa mjukuu wake, akasema taratibu, "Kwenu mnayafuata maji kwa sababu ni machache. Hapa utafuata yapi?" Akaokota jembe lake, akaongeza, "Msitu huu ulikuwa na wenyewe, Mwalimu. Hukubisha hodi." Nikasema ndaga fijo, nikamshukuru kwa Kinyakyusa changu kibovu, naye akamshika mjukuu wake mkono wakateremka.

Jumatatu niliomba daftari la Atupele mbele ya darasa. Nikafuta sifuri, nikaweka vema. Nilidhani shughuli imeisha. Yule mtoto akalitazama daftari, akanitazama mimi.

"Mwalimu, kwa hiyo huko Kungamo wanagonga mianzi?"

Nitajuaje? Kungamo nimeichora mimi kwa chaki. Haikuwa na bibi hata mmoja wa kuulizwa. Siku hiyo nikaifuta ukutani, na Ijumaa iliyofuata nikamwomba yule bibi aje darasani. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Mimi nilikaa nyuma, kwenye dawati la watoto, nikaandika.

Sasa na wewe, mwanangu, uliyezaliwa huku Rungwe kwenye mvua hii, umenionyesha barua kwamba umepangiwa kufundisha kule kwetu Manyoni. Umeniomba nikupe mbinu. Nasaha zangu ni hizi. Ukifika, kuuliza si ujinga: muulize mwenyeji kabla hujamfundisha mtoto wake. Mtoto akikupa jibu usilolijua, usishike kalamu nyekundu, muulize nani kamfundisha. Maana mtoto mtiifu ataliacha la bibi yake afuate lako, mpaka ukingoni. Hilo ndilo linalonitisha hata leo, kwamba alinitii.

Na ukipotea kule porini, fuata korongo, utakuta kisima. Au ngoja, usinisikilize. Nimeondoka siku nyingi, na korongo huhama. Nami sasa ni mgeni kule. Mtafute bibi wa pale, umbishie hodi.

Nenda, Mungu akutangulie. Miguu yako ipate pa kukanyaga, sikio lako lipate wa kukugongea, na watoto utakaowafundisha warudi kwao jioni wote, na viatu vyao.