Hina Siku ya Arafa

Tulitoka Tanga wanawake wa darasa moja la msikiti, basi dogo limejaa, kwenda kula Idi kubwa Mombasa. Wengi wetu mpaka wa Horohoro tulikuwa tukiusikia tu. Tulipanga nyumba Mji wa Kale, nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba, ukiteremka unashika ukuta huku na huku. Mimi niliwekwa chumba cha juu na mwenzangu mmoja, mpika vitumbua, umri wa binti yangu wa kwanza. Akiniita mama. Mumewe ndiye aliyemsukuma aje. Alimwambia, "Tangu nikuoe hujafika hata Pangani. Nenda ukatembee, mimi nitakula kwa dada yangu." Hayo alinisimulia mpaka nikamwambia nimeshasikia.

Siku ya Arafa, kesho yake ikiwa Idi, asubuhi, simu ya mwalimu wetu wa kike ililia. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na laini ya Kenya, simu zetu sisi zilikuwa za kutazamia saa. Baada ya kuongea akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Mume wa mwenzio amefariki," akasema. "Ameanguka akitoka kuswali alfajiri. Aliyepiga ni shemeji yake. Wanazika alasiri."

Nikasema innalillahi, nikashika kitasa cha mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

"Keti, bibi. Wamesema asiambiwe mpaka afike kwake."

Desturi hiyo naijua. Kwetu msafiri haambiwi msiba. Anaambiwa mgonjwa wako kazidiwa kidogo, anapakiwa garini, akikata kona ya nyumbani akaona turubai na viti ndipo anapojua. Mimi nilifanyiwa hivyo kwa mama yangu. Sikupenda, na sijapenda mpaka leo.

"Akitoka sasa hivi atawahi," nikamwambia. "Atamwona uso."

"Na akizimia njiani? Ana presha yule."

"Nitakuwa naye."

"Wewe mwenyewe una presha." Halafu akatoa lililokuwa moyoni: "Mbuzi ameshanunuliwa. Watu wamedunduliza mwaka mzima waje kufurahi, unataka uwakalishe msibani ugenini? Kesho tukishaswali na kula tunaondoka. Atajulia kwao, mbele ya watoto wake."

Yeye ndiye amiri wa safari, na pasi zetu zote za kusafiria zilikuwa katika mkoba wake. Mimi chuo cha Kurani sikumaliza, na shule ndiyo kabisa. Nikaacha kitasa, nikaketi.

Nilipotoka, mwenzangu alikuwa ananingoja mlangoni, buibui keshavaa. Tulikuwa tumeahidiana kwenda Biashara Street. Njia nzima alikuwa akisema peke yake. Duka la kwanza hakulipenda, la pili akaingia, akaomba vikoi. Mwenye duka, mzee wa Kiarabu mwenye kofia safi, alitusalimu kwa kirefu, akauliza hali zetu na za nyumbani, kisha akauliza, "Mzee ni mrefu ama mfupi?"

"Mrefu huyo! Akisimama mlangoni kwangu giza linaingia."

Yule mzee akacheka. "Basi mpe hiki kipana. Kitamfunika mpaka miguu."

Mwenzangu akanigeukia. "Mama, cha buluu au cha kijani?"

"Chochote."

"Mbona leo mkali hivyo? Ni funga?"

"Ni funga," nikasema. Uongo huo niliusema na swaumu mdomoni. Akachukua cha kijani.

Tuliporudi, wenzetu walikuwa wameketi uani, chini kwenye mkeka, na mpakaji wa hina alikuwa amefika, mwanamke wa mtaa ule ule, mwepesi wa mikono na wa maneno. Mwalimu alikuwa keshamaliza kupakwa, viganja amevitandaza magotini vikauke.

"Ndoo hapa mamangu," yule mpaka hina akamwambia mwenzangu. "Wataka hina ama wataka piko nyeusi?"

"Hina. Iive sana."

"Mchore na jina la mzee wake!" mmoja akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko.

"Akifika nazo hizo, vitumbua Tanga hatuvioni tena wiki nzima!"

Mwenzangu naye anacheka, mkono wa kushoto ameutoa. Wale waliokuwa wakitania hawakujua kitu. Nilimtazama mwalimu. Akainamia viganja vyake. Ua la kwanza likaanza kwenye kifundo, jani, tena jani.

"Acha," nikasema.

"Kwani kuna nini, bibi?" mpaka hina akauliza.

"Acha. Na wewe, kaoshe mkono."

Mwenzangu akacheka. "Mama una wivu. Na wewe utapakwa."

"Kaoshe mkono, mwanangu."

Pwani hii hakuna mwanamke asiyejua kwamba aliyefiwa na mume hapakwi hina. Alinitazama, akamtazama mwalimu, na mwalimu hakuinua kichwa.

"Lini?" akaniuliza.

"Leo alfajiri."

"Na nyinyi mmejua lini?"

"Asubuhi. Kabla hatujatoka."

Hakuzimia. Akaenda bombani, akasugua ule mkono kwa sabuni na jivu, akasugua mpaka nikayafunga maji mwenyewe. Mwalimu alitaka kuanza kusema nami. Sikumngoja. Nikafungua mkoba wake, nikatoa pasi yangu na ya mwenzangu, na mikono yake ilikuwa na hina mbichi, hakuweza kunizuia. Tangu siku ile darasani kwake siendi, naye kwangu haji.

Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa tulipopata gari la kukodi. Feri ya Likoni ilikuwa imefurika watu na mbuzi wa Idi. Dereva, kijana wa heshima, alimpa mwenzangu simu yake. Akampigia shemeji.

"Msimzike. Nipo njiani."

"Shemeji, watu wamejaa, na joto unalijua..."

"Ningojeni."

"Tutaona, shemeji. Tutaona."

Akakaa na ile simu mkononi. Tulipovuka, dereva alikimbiza, akayapita malori ambayo mimi nisingeyapita. Nilikuwa nikipiga hesabu kimoyomoyo, na kila nilivyoipiga jibu lilikuwa moja: tungetoka asubuhi, tungefika.

Tulikuwa tumeipita Ukunda mbali simu ilipolia. Akasikiliza. Akaikata, akamrudishia dereva kwa mkono wa kulia, akashukuru. Kisha akatazama nje, kwenye minazi.

"Mwanangu," akamwambia dereva, "usikimbize tena."

Yule kijana akanitazama kwenye kioo. Nikamwitikia kwa kichwa, akapunguza mwendo, malori yote yakatupita.