Mshale Mdogo Pembeni mwa Folda

Siku yangu ya kwanza kazini kama sekretari, katika shule moja ya upili huko Gachoka, sikugusa taipureta kabisa. Mwalimu Mkuu alinionyesha kabati la mbao lililoliwa na mchwa, akanionyesha na jipya la chuma, akaniambia nihamishe faili za wanafunzi. Saa nne nikamwambia nimemaliza. Akachomoa faili moja kwenye kabati jipya na kuifungua mbele ya macho yangu. Lilikuwa jalada tupu. Karatasi zake zilikuwa zimedondoka kule kwa mchwa.

"Umehamisha majina, Wanja," akasema. "Watoto umewaacha. Faili haijahama mpaka uifungue huko ilikofika. Rudia zote."

Nilirudia nikinung'unika kwa Kiembu, nikidhani haelewi. Alielewa, na hakunisalimia hadi Ijumaa.

Nyinyi vijana mnaobofya mara moja karatasi hamsini zikatoka, hamjui stensili. Ilikuwa karatasi ya nta. Unaipiga taipu bila utepe, herufi zinaitoboa, kisha unaifunga kwenye mashine yenye wino na kuizungusha kwa mkono kama mtu anayesaga mahindi. Ukikosea neno unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena. Mitihani ya muhula mzima ilitoka kwenye bega langu hili la kulia, na wakati wa baridi bado linanikumbusha.

Kutoka Gachoka nilipelekwa Manyatta, karibu na nyumbani. Huko ndiko nilikokutana na kompyuta, na Madam Prinsipo, mkuu wa shule, aliyeiogopa kuliko nyoka.

"Wanja, hiyo kitu ikizima, barua zangu zinaenda wapi?"

Nikamwonyesha disketi, kile kibapa cha plastiki tulichohifadhia nakala. Akaniamuru niweke nakala mbili za kila kitu, moja kwangu na moja kabatini mwake pamoja na mitihani. Tulimcheka sana chumba cha walimu. Miaka tisa niliyokaa kwake hatukupoteza hata barua ya kuomba chaki.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule moja ya kutwa upande wa Kinoru, Meru mjini. Mwalimu Mkuu wa hapo alikuwa kijana, mtu mzuri lakini wa haraka. Aliamua kila mwanafunzi awe na kitambulisho chenye picha. Tukatundika shuka jeupe ukutani, tukaweka stuli, nikashika kamera ya shule mimi mwenyewe. Walipita mmoja mmoja kutwa nzima. Nilimrekebisha kila mtoto kola, nikabonyeza, nikaita anayefuata. Mashine ya kuchapa vitambulisho ilikuwa imeharibika, kwa hivyo picha zikabaki ndani ya kompyuta zikingoja fundi.

Shule zilipofungwa Agosti, ikaja kompyuta mpya. Ya zamani ilikuwa imeahidiwa shule ya msingi, na pikapu yao ilikuwa tayari uwanjani.

"Madam, iende leo," Mwalimu Mkuu akasema. "Hamisha tu haraka, watu wanangoja."

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye uso wa kompyuta ile, folda nilizotumia kila siku zilikuwa na mshale mdogo pembeni. Mshale huo maana yake hiyo si folda yenyewe. Ni alama tu ya kukuonyesha njia ya kufika iliko. Nilijua hilo, na niliwafundisha wengine. Lakini siku hiyo nilichukua zile alama, nikazitia kwenye flashi, nikazihamishia kwenye kompyuta mpya, zikajipanga kila moja na jina lake. Kazi iliisha kabla chai yangu haijapoa, na hilo pekee lingetosha kunishtua. Dereva alikuwa anapiga honi. Sikufungua hata moja. Nikaifuta ile ya zamani, nikaifuta sawasawa, siri za watoto zisitembee. Kwa kufuta nilikuwa hodari.

Barua zilikuwa na nakala za karatasi kabatini. Picha hazikuwa na nakala popote.

Wiki ya pili ya likizo alikuja mama mmoja, leso begani, mkononi simu ya mulika mwizi, ile ya tochi isiyo na kamera. Alikuwa mama yake Mwenda wa Kidato cha Pili. Mwenda alishikwa na nimonia, akaugua siku tatu, akafariki.

"Nimekuja picha tu, madam. Ya programu ya mazishi. Nyumbani hatuna yake hata moja, lakini aliniambia shule walimpiga moja."

"Pole sana, mama. Iko," nikamwambia. "Kaa hapo."

Nikabofya. Kompyuta ikasema haioni kitu. Nikabofya tena na tena, ndipo nikauona ule mshale. Nilipiga simu shule ya msingi, wakasema mashine imeshawekewa mambo mapya. Fundi wa mjini alihangaika nayo siku mbili, akanirudishia akitikisa kichwa.

Nilipomwambia mama Mwenda, sikuweza kumwangalia. Nililia mbele yake, mimi ndiye niliyepaswa kumfariji. Akaniuliza:

"Si ni wewe ulimpiga hiyo picha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi niambie. Alikuwa amekaa aje? Alicheka?"

Sikumkumbuka. Watoto walikuwa mamia, nami nilitazama kola. Nikasema, "Alicheka, mama. Alicheka vizuri."

"Asante," akasema, akaenda zake. Kwenye programu ya mazishi, mahali pa picha, waliweka msalaba.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Walinifanyia chai chumba cha walimu, hotuba zikatolewa, nikapewa blanketi. Mama Mwenda alikuja na mkungu wa ndizi, akanivuta kando.

"Mwenda alivunjika jino la mbele akiwa darasa la sita," akaniambia taratibu. "Tangu hapo hakuwa anacheka mbele ya watu. Nilijua siku ile hukumkumbuka. Nikasema nitangoja, pengine siku moja itakujia uniambie vile alikuwa. Sasa naona unaenda. Imekujia?"

"Haijanijia, mama."

Akanishika mkono, akaniambia zile ndizi nizipike zingali mbichi.

Sasa niko nyumbani Manyatta, nalima kahawa yangu kidogo. Vijana wa ofisini hunipigia simu kuuliza hili na lile, nami huwaambia maneno ya Mwalimu Mkuu wa Gachoka, wanacheka kama sisi tulivyomcheka Madam Prinsipo. Nikimaliza kuongea nao huwa najaribu tena. Naliona lile shuka jeupe. Naiona stuli. Nauona hata mkono wangu ukinyoosha kola ya shati. Juu ya kola sioni mtu.