Opereta wa Buzebazeba

Fremu yangu ya ufundi simu iko Buzebazeba, hapa Kigoma, na nimepanga kwa Mama Skolastika, ambaye anaishi nyuma yake hapo hapo. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sikuwa na uwezo wa kumfukuza barazani. Ningekuwa nao, ningeutumia tangu wiki ya kwanza.

Zamani, kabla mimi sijazaliwa, alikuwa opereta wa simu. Alikaa mbele ya swichibodi katika ofisi moja kule mjini, hedifoni kichwani, akiwaunganisha watu: Tabora inaitaka Kigoma, Kigoma inaitaka Dar. Baadaye mitambo iling'olewa, naye akastaafu na tabia moja mbaya. Akisikia mtu anauliza swali la simu, lazima ajibu yeye.

Hebu fikiria. Mteja anasimama dirishani kwangu, ananiuliza mimi Gasper, fundi wa miaka tisa, na jibu linatoka barazani kwa bibi mwenye ungo wa maharage. Siku moja alikuja baba mmoja akilalamika kwamba chaja yake mpya inachaji polepole. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kabati la vioo. Mama Skolastika akamwambia, nionyeshe unavyochaji nyumbani. Yule baba akatoa mfukoni waya wa zamani uliofungwa uzi mahali pawili. "Chaja nzima," akasema Mama. "Muuzie waya, Gasper, usimuuzie chaja." Kuna dada mmoja aliteremka kutoka Kalinzi na kompyuta ya chama chao cha kahawa, inajizima yenyewe, na watu watatu walikuwa wameshamwambia anunue nyingine. Mama alimuuliza kitu kimoja tu: inakaa wapi? Inakaa chumba cha mashine ya kukoboa. Nikaifungua, nikakuta feni imejaa makapi ya kahawa mpaka haizunguki.

Hakuwa akigusa chombo kwanza. Alimtazama mtu, akataka aone anavyokitumia. Mimi nilikuwa namchukia kwa adabu, shikamoo asubuhi, kinyongo mchana.

Sasa nije kwa Bibi Yunisi. Huyu ni mama wa watu wa ng'ambo, wazee wake walivuka ziwa wakahamia Ujiji, na anauza mawese na chumvi sokoni. Ana sauti ambayo ukiwa mbali kule Kibirizi unaweza kudhani anakuita wewe. Mwezi wa tatu aliniletea kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, akasema hakitoi sauti. Nikabadilisha spika, nikajipigia, nikaongea, safi kabisa. Wiki mbili hazikupita akarudi na maneno yale yale. Nikabadilisha tena. Mara ya tatu nilichoka, nikamwambia simu imezeeka, nikamuuzia kitochi kipya.

Mara ya nne alikuja na ile mpya. Mtaa mzima ulijua kwamba Gasper kamuuzia bibi wa watu simu bubu. Damu ilinipanda. Nilimjibu kwamba simu zote mbili ni nzima, na kama hataki kuamini aende kwa fundi mwingine akamsumbue yeye. Ndivyo nilivyosema, kwa mtu wa umri wa bibi yangu.

Alikaa kwenye benchi la Mama Skolastika akaanza kulia, bila sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Alieleza kwamba ana mtoto mmoja tu, Merina, aliyeolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Miezi miwili sasa hajapiga, na akipigiwa anapokea mara moja moja, hasemi kitu. Juzi jirani aliyekuja na boti alileta ujumbe: Merina anasema hatapiga tena, maana mama yake hamjali. Bibi Yunisi alisema simu hii isipotengenezwa leo, basi amepoteza mtoto akiwa hai.

Mama Skolastika aliweka ungo chini. Akahamia karibu, wakatazamana, akamuuliza habari za biashara. Bibi akajibu. Akamuuliza mawese ya mwaka huu yanatoka wapi, kama mvua imeharibu barabara, kama magoti bado yanauma. Bibi akajibu yote, kwa urefu. Kisha Mama akainua pindo la kanga kama mtu anayejifuta mdomo, na mdomo ukiwa umefunikwa akauliza, kwa sauti ile ile, "Merina ana watoto wangapi?"

"Nashukuru, mwanangu," Bibi Yunisi akasema. "Tunaendelea vizuri."

Mama hakuiteremsha kanga. "Bibi, hapo nyuma yako nyumba inaungua."

"Haya, haya. Nashukuru sana."

Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka mezani taratibu. Nilikuwa nimefungua simu ya mtu huyu mara mbili. Nilikuwa nimepima spika, maiki, betri, mpaka laini. Yeye sikuwa nimempima hata mara moja. Miaka yote ile alikuwa akitusoma midomo sokoni, akijibu midomo, na mwenyewe hajui. Simuni hamna mdomo wa kutazama.

Mama alimshika mkono akamwambia usoni kwamba simu haina ubaya, masikio ndiyo yamechoka. Bibi Yunisi akakasirika. Alisema anasikia vizuri, mbona wanaongea hapa? Mama akajifunika tena mdomo, akasema maneno fulani. Bibi akaitazama ile kanga kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaishusha.

"Nilidhani ni simu za siku hizi," akasema.

Baadaye Mama aliniambia kwamba enzi za swichibodi watu wa namna hiyo aliwatambua mapema. Wanapaza sauti, na kila swali wanajibu kwa shukrani. Lakini wakati ule aliniagiza tu nilete simu yangu mwenyewe na hedifoni za waya kutoka kabatini. Akaniuliza kama ndani ya simu yangu mna programu ya kukuza sauti za karibu. Ilikuwemo, kwenye ile sehemu ya mipangilio ya watu wenye mahitaji maalumu, ambayo kwa miaka tisa nilikuwa naipita bila kuifungua. Nikaiwasha.

Tulipomvika zile hedifoni, zikiwa zimechomekwa kwenye simu yangu, bodaboda ilipita na Bibi akainamisha kichwa kama anayekwepa jiwe. Kisha akatulia. Mama alichota maharage akayaachia yadondoke kwenye ungo, na Bibi akageuka kutafuta sauti inatoka wapi. Akaomba arudie. Mama akarudia. Nimefufua simu zilizozama ziwani, nimeona watu wazima wakiruka kwa furaha kwa sababu picha zao zimerudi, lakini uso kama ule sijauona tangu nizaliwe. Nilijisikia mdogo sana, na nilifurahi kuwa mdogo.

"Eeh!" Bibi akapaza sauti. Papo hapo akajiziba mdomo. "Hivi ndivyo ninavyosema kila siku?" Mara hii alinong'ona.

Mama alimwonya kwamba hii si dawa, ni kitu cha kushikizia tu, na lazima aende hospitali akapimwe masikio. Bibi akakubali bila kusikiliza sana. Alikuwa amekishika kile kitochi kipya. Nikampigia namba ya Kalemie, nikaweka sauti ya nje, nikakisogeza karibu na simu yangu. Merina hakupokea. Nikapiga tena, akapokea.

"Unataka nini, mama?"

Bibi Yunisi alifumba macho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuongea na mtu akiwa amefumba macho. "Merina, mara ya mwisho uliniambia nini?"

"Si ulisikia?"

"Sikusikia. Masikio yangu yamekufa, mwanangu, nami sikujua. Niambie tena."

Nikatazama kama laini imekatika. Kisha Merina akasema, "Nilikuambia Baba Bariki amenifukuza nyumbani kwake. Nikaomba nirudi kwako na mtoto. Ukaniambia unashukuru, nimsalimie mume wangu."

Niligeuka kutazama vioo vya kabati. Mama Skolastika alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi Yunisi alifungua mdomo, akasema jambo kwa ile sauti yake mpya, ndogo, ambayo hata mimi niliyesimama karibu sikuipata.

"Mama?" akasema Merina. "Mama, sikusikii."

Bibi akaishika simu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti yake ya sokoni, mtaa mzima ukasikia: "Rudi nyumbani."