Siku Niliyosafisha Biro ya Papa

Juzi mwalimu wetu aliwasha kompyuta ya darasa na kioo kikabaki kitupu, bila alama hata moja ya kubofya. Wenzangu walicheka. Mimi nilisikia harufu ya samaki.

Mchana mmoja nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu Panda, Mama alikuwa anakaanga samaki. Papa, naye mwalimu, akaniambia wakati anatoka, "Safisha biro yangu." Alimaanisha meza yake. Lakini uso wa kompyuta nao tunauita biro, na wa kwake ulijaa vialama kama nguo kwenye kamba. Nikabofyabofya mpaka vyote vikaondoka. Nikajipongeza: pasafi!

Papa aliporudi aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Mashine ilivuma tu. Masomo yake ya mwaka mzima yalikuwa mule.

"Mado, ulifanyaka nini humu?"

"Papa, hapana minye!" Mado akaapa kwamba si yeye.

Yaya Mado, dada yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa anajifunza kuchapa. Akakatazwa kuigusa tena. Alilia chumbani, na mimi nikala samaki wangu, halafu wake.

Niliamini nimeyaua masomo ya Papa. Kumbe yalijificha tu. Juzi mwalimu aliyarudisha yake kabla hatujamaliza kucheka.

Jana nilimkuta Yaya kwenye cherehani yake, anayoshonea tangu aache kuchapa, nikamwambia yote. Nilikuwa nimeandaa mizaha mitatu. Hakucheka.

"Na vinarudiaka namna gani?"

"Kubofya mara mbili tu, Yaya," nikasema, nikitamani ingekuwa kazi ngumu.