Shahidi Aliyelala Kitanda Kimoja Nami

Msusi alikuwa na mume, dereva wa boza la maji, na kaka mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye watoto walimwita Mjomba Cheche. Shemeji hao wawili walikuwa chanda na pete mpaka mlango wa duka la vifaa vya ujenzi ulipokatwa kwa moto mchana kweupe, duka likaibwa, na mlinzi akaapa kwamba aliyemwona ni Cheche. Kortini Cheche alisema tu kwamba alikuwa kazini, mbali. Na nani, hakutaja. Akafungwa miaka saba.

Mwaka wa tatu, dereva alipopunguzwa kazini, alishinda mlangoni bila kula, kisha akamfungukia mkewe. Siku ile Cheche alikuwa naye, akimzibia tangi lililovuja. Boza la kampuni lilikuwa njia isiyo yake, maji yakiuzwa kwa magendo. Angefungua mdomo, kibarua kingeota nyasi.

"Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii," msusi alimwambia, "na wewe ndiye shahidi niliyekuwa namtafuta."

Alimkokota hadi kwa wakili. Wakili akawaonya kwamba kesi haisikilizwi upya kwa sababu tu mtu amejitokeza. Ushahidi lazima uwe haukuweza kupatikana mwanzoni hata kwa bidii, uaminike, na uwe na uzito wa kugeuza hukumu. Msusi alishika hilo la mwisho, mengine akayaacha palepale ofisini.

Siku ya kusikilizwa maombi yao kortini, dereva alisema kweli yote, hata ya magendo. Jaji alimsikiliza kwa makini, kisha akamuuliza Cheche kama wakati wa kesi alijua kuwa shemeji yake angeweza kumtetea.

"Nilijua, mheshimiwa."

"Mbona hukumwita?"

"Angefukuzwa kazi. Dada yangu ana watoto watatu. Nikasema, njia ya mwongo ni fupi, mlinzi atajikwaa mwenyewe."

Wakili aliinamisha kichwa. Msusi, aliyekuwa hajui lolote kuhusu hilo, alimgeukia mumewe.

Katika uamuzi wake jaji alisema dereva anaaminika, na pengine hukumu ingekuwa nyingine. Lakini ushahidi ambao mshtakiwa aliujua, akaunyamazia kwa hiari yake, si mpya. Maombi yakatupwa.

Nje, wakili alimweleza msusi kwamba bado wanaweza kuomba msamaha wa mkuu wa nchi.

"Msamaha wa kosa gani?" msusi akauliza.

Cheche alitumikia kifungo mpaka mwisho. Siku hizi anauza vyuma chakavu, na jioni huja kubishana mpira na shemeji yake kana kwamba hapakutokea kitu. Msusi huwatengea chakula na kurudi jikoni. Akimlaumu mume, huyo alikuwa akilinda tonge lao. Akimlaumu kaka, huyo alikuwa akiwalinda wapwa zake. Na jaji naye aliwaamini wote. Hasira anayo, tele, ila hana wa kumkabidhi.