Neno Lililokuwa Haliuzi

Mwaka ule nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, ilinukia udi mpaka kwenye mashuka. Sasa mama hapiki tena, macho yamemchoka, na kila nikifungua kabati lolote pale nyumbani hunusa kwanza, nikitumaini kimebaki chochote. Hakijabaki. Naukumbuka mwaka ule kuliko mingine yote, na natamani ningeuishi kwa akili niliyonayo leo.

Baba alikuwa amefariki, eda imekwisha, na mama amejifungia chumbani. Nikamwomba anipikie udi, ule aliofundishwa na bibi yangu kule Unguja kabla hawajahamia huku: vipande vya udi, sandali ya kusaga, sukari iliyochemshwa mpaka ikavuta, marashi na ambari. Nilisema nataka kidogo tu cha kufukizia nguo. Akapika sufuria nzima, akanigombeza kwa namna nilivyoshika mwiko, akasema hata kukoroga sikufunzwa, nikajua amerudi duniani. Basi nikaanza kutafuta sababu ya yeye kupika tena wiki ijayo.

Sababu niliyoipata ni soko la mtandaoni. Kazi yangu ofisini ilikuwa kutangazia watu bidhaa zao humo humo, kwa hiyo nilijiona fundi. Matangazo yale huendeshwa kwa maneno. Unachagua maneno ambayo mnunuzi huyaandika anapotafuta kitu, na akiyaandika, chako kinatokea juu kabisa. Kila anayekibonyeza unamlipia, anunue asinunue, na kiwango ulichojiwekea kwa siku kikiisha, tangazo linalala hadi kesho. Kiwango chetu kilikuwa kidogo sana.

Nikachagua maneno ya Kiarabu, yale ya bakhuri, yaani udi wa kufukiza, kwa arusi na zawadi za Idi, na jina la bidhaa nikaliandika kwa Kiarabu vile vile. Mama alitaka neno moja tu: udi wa Unguja. Nikamuuliza ni nani hapa Maskati atakayeandika hivyo. Akasema, watu. Nikaliweka ili kumridhisha, kama mtu anavyompa mtoto usukani wa gari lililozimwa.

Kila Alkhamisi baada ya chakula cha mchana nilikaa na ripoti. Neno la mama lilikuwa na mwendo wa ajabu. Lilibonyezwa asubuhi, siku zote asubuhi, mara sita au saba, na halikuuza hata kikopo kimoja. Katika kazi yetu hakuna neno baya kuliko hilo. Neno lisiloguswa halikugharimu kitu, lakini linaloguswa bila kuuza linakula na halishibi. Ikifika alasiri kiwango cha siku kimekwisha, na wanunuzi wetu wa kweli walikuwa wakitoka baada ya isha.

Nililifanyia utaratibu wote. Nikalipunguzia bei, nikangoja wiki mbili, nikaongeza moja ya huruma. Halikubadilika. Ilipobaki wiki moja kuingia Ramadhani nikalizima. Mama sikumwambia. Nilijidanganya kwamba sitaki kumchosha na mambo ya kompyuta, lakini ukweli ni kwamba nilijua tukibishana atanishinda.

Ramadhani ile tuliuza mpaka vikopo vikatuishia. Baada ya futari nilimsomea mama oda zinakokwenda, Suhar, Nizwa, Salala, nami kichwa kimenivimba. Yeye alisema alhamdulillahi, kisha aliuliza swali lile lile, hao wanunuzi wamesema nini. Nikamwambia hawasemi kitu, wanatoa nyota. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye sufuria yake.

Baada ya Idi alianza kupika amekaa kitini. Halafu akasema mikono inamuuma. Halafu akarudi chumbani na mlango akaurudishia, kama siku zile za mwanzo. Nilimnunulia dawa ya kuchua viungo.

Wiki chache baadaye tukapata habari kwamba shoga yake wa mtaa wa Bustan amefariki. Walikaa dawati moja shuleni Unguja, na utu uzima wao wote wameumalizia huku Maskati. Tukiwa njiani kwenda msibani, mama alisema, akiangalia nje, kwamba marehemu alikuwa amemnunia, kosa lenyewe halijui, na sasa hatalijua tena. Nilishangaa, maana sikuwahi kusikia kwamba wamegombana. Sikuuliza, kwa kuwa sauti yake haikutaka kuulizwa.

Kwenye msiba, binti wa marehemu alimkumbatia mama, asimwachie. Akamsimulia kwamba mama yake kila asubuhi akishakunywa chai alivaa miwani, akaandika yale maneno aliyofundishwa na mama, udi wa Unguja, akaingia dukani kwetu, akafungua picha ya kikopo kimoja kimoja kukitazama, kisha ndipo akampigia mama simu kumwambia amepita kwake. Asubuhi moja akaandika, na duka halikutokea.

"Alikutafuta siku nyingi," yule binti alisema. "Akasema, shoga yangu kafunga duka, na mtu hafuatwi kuulizwa msiba wa biashara yake. Nnangoja mwenyewe aniambie. Akaona haya kukupigia."

Bibi wawili waliokaa mkekani, waliosoma nao Unguja, wakatazamana. Mmoja akasema hata wao walikuwa wakipita kila siku, na hata wao wakanyamaza kwa haya hiyo hiyo. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu wetu akianguka tunageuza uso ili asituone tumemwona. Na mama yangu naye si mtu wa kumfuata aliyeacha kumpigia. Kwa hiyo wazee wanne waliopendana tangu utotoni walikaa miezi kimya, kila mmoja akimsitiri mwenzake.

Nikakiweka chini kikombe changu cha kahawa. Mara sita au saba, siku zote asubuhi, nikiwa kazini. Walikuwa wakimpigia hodi mama yangu, mimi nikiwaandika hasara. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Wakati wa kurudi nilimwambia kwenye gari. Ningeweza kusema mtandao uliharibika, na angeamini. Nikasema nililitoa mimi neno lake, kwa mkono wangu, kwa sababu lilikuwa haliuzi, na kwamba nitalirudisha leo hii. Tuliposimama kwenye taa za kuingia kwetu, akanigeukia.

"Ulilitoa siku gani?"

Siku hiyo nilikuwa naikumbuka, kwa kuwa niliona fahari nilipolizima. Nikamwambia ni Jumamosi ile ya kabla ya Ramadhani. Akakaa akikunja vidole, kimoja kimoja, akirudi nyuma.

"Mara ya mwisho kanipigia Ijumaa," alisema. "Basi hakuninunia."

Alilirudia tena, polepole, hakuninunia, akauvuta mtandio usoni, akalia. Taa zikageuka kijani na waliokuwa nyuma yetu wakapiga honi, nami sikuliondoa gari.